Gari la Baba na Harusi Yangu



Mfunguo Mosi ukikaribia, dukani kwangu siulizwi tena habari za gauni peke yake. Bibi harusi namzungushia futi kiunoni, na yeye ananinyooshea simu: "Dada, humjui mtu mwenye gari la zamani? Nataka jeupe, lenye taa za mviringo, nipigwe nalo picha Forodhani." Mwengine anataka mawili, moja la kumchukua yeye na moja la kumpeleka bwana harusi msikitini. Mara nyingi nacheka tu na kusema nitaulizia. Leo nataka nijibu vizuri, maana jibu langu ni refu kidogo na lina Baba yangu ndani yake.

Baba alikuwa dereva wa teksi, na gari lake lilikuwa Peugeot 404, rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Wakubwa wenzangu mtalikumbuka: refu, nyuma lina vipembe viwili kama mapezi ya papo, na gia yake haipo chini bali ipo kwenye usukani. Jumapili aliliosha kwa ndoo moja ya maji, wala hakumwaga hata kopo. Mimi nilikuwa mtoto wa kushika tochi. Nilijua spana namba kumi na spana namba kumi na tatu kabla sijajua kuingiza uzi kwenye sindano. Alikuwa akinambia, "Mwanangu, gari hili kaka zake walishinda Safari." Mimi nilidhani ni maneno ya dereva kulisifia gari lake.

Nilipofika miaka ishirini na mbili nikaposwa. Nilitaka ukumbi. Nilitaka gauni tatu, la hina, la nikahi na la kutolewa nje. Nilitaka msafara wa magari saba yanayofanana, yamefungwa riboni, kwa sababu shoga yangu alifanyiwa matano. Baba hakusema kitu. Wiki mbili kabla ya harusi, nje ya nyumba yetu pakawa peupe. Nilipouliza, akasema gari limezeeka, limeanza kumsumbua, kampata mteja. Mimi nikaamini, au niseme kweli, nilitaka kuamini. Aliyenambia ni Mama, mwaka mmoja na miezi minane baadaye, siku niliporudi nyumbani na sanduku langu na talaka yangu. Hakunisimanga. Alisema tu, "Baba yako kauza gari kwa ajili ya ile siku, basi usikae ukalia, fanya kazi." Nikauza bangili zangu mbili, nikaenda kusoma ushoni. Alhamdulillah, mengine mnayajua.

Lakini Baba sikumwambia kitu. Nilimjengea choo cha ndani, nilimlipia miwani, kila Idi namshonea kanzu. Lile neno la gari halikutoka mdomoni mwangu.

Sasa twende Nairobi. Mimi hufata vitambaa Eastleigh, na mwenyeji wangu kule ni mama mmoja wa Kimombasa anayeuza lesi na satini. Mumewe anapenda magari ya zamani kama wengine wanavyopenda mpira. Septemba ya mwaka juzi nilikuwepo kwao, akasema Jumapili twende sote Ngong Racecourse, kuna Concours d'Elegance. Hayo ni maonyesho na mashindano ya magari na pikipiki yanayoandaliwa na klabu ya wenye magari ya Alfa Romeo, na yapo tangu miaka ya 1970. Kwanza nilisita. Pale siku nyengine hukimbizwa farasi, na mkusanyiko wenyewe ni wa kila aina ya watu. Mama akanambia, "Tutakwenda na mabinti zangu, tutakaa upande wetu, na mkeka wa kusalia upo kwenye buti." Nikavaa buibui langu nikaenda.

Mashaallah, nilisimama mlangoni kama mtoto. Magari yamepangwa kwenye majani, yanang'ara mpaka unaiona shungi yako kwenye mlango. Kuna yaliyotengenezwa kabla Baba hajazaliwa, matairi membamba kama ya baskeli, viti vya ngozi iliyokaa vizuri. Kuna Volkswagen za kobe, Mercedes za enzi za wakubwa, na magari ya kigeni ambayo hata jina sikuweza kulitamka. Mwenye gari anasimama pembeni na kitambaa mkononi, anafuta pale ambapo hata inzi hajatua.

Kilichonishika zaidi ni majaji. Nilitaraji watalizunguka gari, watasifu rangi, wataandika alama waondoke. Kumbe nusu ya kazi yao ni kule usikotazama. Wanainama wanaangalia chini ya gari. Wanafungua boneti, wanafungua buti, wanapitisha kidole ndani ya ukingo wa mlango. Gari jekundu moja lililokuwa linapigwa picha na kila mtu, jaji alilichungulia chini, akaandika, akaenda zake bila kutabasamu. Yule mwenye gari alibadilika uso.

Mimi ni fundi cherehani, hilo nililifahamu papo hapo. Gauni ukitaka kulijua, lipindue. Nje kuna shanga na lesi, kila mtu anaweza kuzibandika. Ndani ndo kuna mshono, bitana na upindo. Mteja akiniletea gauni la kukodi nilitengeneze, kwanza nalipindua, na mara nyingi ninachokiona ni gundi na pini.

Upande mwengine kulikuwa na magari yaliyotengenezwa kwa mashindano ya Safari Rally. Hayo hayang'ari sana. Yana taa kubwa mbele, ngao ya chuma chini, na mengine yameachiwa mikwaruzo yake kwa makusudi. Mwenyeji wangu akatueleza. Mashindano yale yalianza mwaka 1953, kwa ajili ya kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, na yalikuwa yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Barabara zenyewe ni vumbi, na mvua ikinyesha ni matope ya kumeza tairi. Mwaka 1963 magari yaliyofika mwisho yalikuwa saba tu. Mwaka 1968 tena, saba tu. Na miaka yote hiyo miwili, lililoshinda lilikuwa Peugeot 404. Kisha akasema mwaka 1966 na 1967 alishinda Bert Shankland, mkaazi wa Dar es Salaam, naye kwa Peugeot 404.

Nikamuuliza mara mbili. Nne? Akasema ndio, mara nne. Basi Baba alikuwa akisema kweli.

Nikaliona tukirudi kusali. Tulisali Adhuhuri na Alasiri kwa pamoja, sote wasafiri au wenyeji kila mtu na hali yake, nyuma ya hema. Tukitoka, liko pale. Si rangi ya la Baba, lile lilikuwa la kijivu, lakini vipembe ni vile vile, na taa zile zile zinazokutazama kama mtu aliyeamka sasa hivi. Miguu yangu ilikufa ganzi. Mwenye gari, mzee wa Kihindi mwenye adabu, akaniuliza kama nataka kupiga picha. Nikamwambia, "Mzee, naomba unifungulie boneti." Akanitazama, mwanamke wa buibui anataka boneti, akafungua. Nikawaonyesha mabinti wa mwenyeji wangu: tazameni injini, haikusimama wima, imelalia ubavu, hivyo ndivyo Wafaransa walivyoiweka. Yule mzee akacheka kwa furaha, akaniuliza nimejifunza wapi. Nikasema, kwa Baba, nilikuwa mshika tochi.

Kisha nikampigia Baba kwa video. Nikazungusha simu polepole, mbele, ubavuni, nyuma. Hakusema kitu muda mrefu mpaka nikadhani mtandao umekatika. Halafu nikasikia, "Hiyo rimu ya nyuma si yake." Nikamwambia yule mzee, akaitikia kwa kichwa, kweli si yake. Baba akasema, "Mwambie akae ndani aipige stata." Likawaka. Ule mlio, dada zangu, mimi nausikia mpaka leo.

Nikaenda pembeni, nikasema, "Baba, nisamehe. Ile siku ya gari." Nilikuwa nimelikalia neno hilo zaidi ya miaka kumi.

Akanyamaza, kisha akasema, "Mwanangu, mimi nilishakusamehe zamani, hata hilo usiliweke moyoni. Lakini na mimi nina langu. Wewe ulikuwa mtoto, uliomba. Mimi ndo mzee, nilitakiwa niseme sina. Niliona haya kusema sina mbele ya wakwe. Basi na wewe nisamehe." Halafu hapo hapo, kabla sijafuta machozi, "Muulize huyo bwana plagi anazipata wapi."

Nimefikiri sana maneno yale. Kumbe miaka yote mimi nabeba kosa langu, na yeye anabeba lake, na yote mawili yalitokana na haya ya kusema sina. Mimi niliona haya kuwa na magari machache kuliko shoga yangu. Yeye aliona haya kumwambia binti yake ukweli. Aliyekodisha yale magari saba alilipwa akaondoka jioni ile ile.

Njiani kurudi, mwenyeji wangu alinihadithia habari nyengine iliyonikaa. Mwanamke wa Kijerumani, Bertha Benz. Kabla hajaolewa, alitaka mali yake ya harusi kutoka kwao itangulizwe, akaiingiza kwenye karakana ya mchumba wake iliyokuwa inakaribia kuanguka. Kwao enzi hizo mali ilitoka upande wa mke, si kama kwetu ambapo mahari ni haki ya bibi harusi kutoka kwa mume. Mwaka 1888 alichukua gari alilolitengeneza mumewe, akaondoka na watoto wake wawili wa kiume kwenda kwa mama yake, zaidi ya kilomita mia, safari ambayo hakuna aliyewahi kuifanya kwa gari. Mrija wa mafuta ulipoziba aliuzibua kwa pini ya kofia yake. Breki zilipoisha alimtafuta fundi viatu akazigongea ngozi. Nilicheka peke yangu kwenye kiti. Fundi wa nguo hakosi pini.

Simwambii mtu afanye kama yeye. Mahari yako ni yako, na hakuna wa kukupangia, si mume wala wazazi. Lakini jiulize, ikishatoka mkononi mwako itakuwa wapi mwaka ujao? Cherehani? Friza ya kuuzia barafu? Ada ya masomo? Au riboni kwenye bampa la gari la mtu?

Basi hili ndilo jibu langu. Kupenda gari zuri si dhambi. Nenda kalitazame, sema mashaallah, mpongeze mwenyewe aliyelitunza, rudi nyumbani na furaha yako. Ukilikodi kwa uwezo wako, bila deni, bila kumfedhehesha mzee wako, Mola akubariki, na mimi nitakushonea gauni linalofanana nalo. Lakini kabla hujalipa arubuni, kaa na baba yako au mlezi wako muulizane taratibu hela inatoka wapi, na mwachie nafasi ya kusema hana. Ukiona kitu kimeondoka nyumbani, usikubali jibu la kwanza.

Na huyo anayekuja kukuoa, mtazame kama wale majaji. Usiishie kwenye rangi. Uliza ana madeni gani. Uliza mtakaa wapi na nani. Uliza anafanya nini akikasirika, na usimuulize yeye tu, waulize waliokaa naye. Uliza sala yake. Kuinama na kuchungulia si utovu wa adabu, dini yenyewe imetupa nafasi ya kuulizia kabla ya kufunga. Mimi sikuuliza hata moja. Nilikuwa nahesabu magari.

Ile picha ya 404 ya kijivu nimeitia fremu, ipo kwenye ukuta wa Baba juu ya redio. Wageni wakimuuliza, anawaambia gari hilo limeshinda Safari mara nne na kwamba rimu ya nyuma si yake. Sasa hivi nawekeza kidogo kidogo. Sijui kama nitapata la kununua, maana wenye nayo hawayaachii hovyo. Niombeeni.

Allah awajaalie mabibi harusi wetu ndoa zenye kheri na zenye kudumu, na awahifadhi wazee wetu. Amin.

Wassalaam.