Kifuniko cha Sakafuni, Kati ya Idjwi na Goma



Sisi tunaouza mananasi na ndizi huvuka Ziwa Kivu kutoka Idjwi hadi soko la Kituku, Goma, kwa boti za mbao. Tunaketi juu ya magunia, watoto mgongoni, na chini ya miguu yetu kuna kifuniko kidogo. Hapo ndipo mabaharia hukumba maji yanayopenya polepole kati ya mbao.

Mbao zikilowa huvimba. Kifuniko kinakwama, vidole havina pa kushika. Wengine huchokoa kwa kisu: kinavunjika au kinakata mkono, na maji yanazidi kupanda.

Kwenye boti moja tulionyeshwa dawa yake. Ni kipande cha chuma cha kujengea, ncha imekunjwa kama ndoano, na mahali pa kushika pamezungushiwa mpira wa baiskeli. Kifuniko kimetobolewa tundu. Baharia anagonga kingo kwa ubao, anaingiza ndoano, anavuta. Siku kifuniko kikiwa kikavu, kingo zake hupakwa sabuni ya mche.

Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilizama karibu na Kituku, ikiwa imebeba watu wengi mno. Tangu hapo hatuvuki bila kuuliza. Mama, kabla ya kulipa, hesabu watu, omba jile, na uombe kifuniko kifunguliwe mbele yako. Kikikataa bandarini, katikati ya ziwa kitafunguka vipi?