Kutoka Mapepo ya Vita hadi Vidole Viwili

Baba mdogo alikwenda vitani na mgambo wa Karagwe mwishoni mwa 1978, majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera. Alirudi mzima wa mwili. Lakini upepo ukigonga bati usiku, alitoka mbio hadi migombani akalala kifudifudi. Kwetu Omurushaka kila mtu alikuwa na jibu moja: amerudi na mapepo ya vita. Alinyweshwa mizizi, akaombewa, akapewa vidonge vya usingizi.

Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda waliingia Karagwe kwa maelfu. Nilikuwa muuguzi kijana, na ndipo niliposikia habari za ushauri nasaha. Mawaidha yalikuwa mengi, njia haba.

Njia mojawapo ilikuwa imeshaanza Marekani. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Francine Shapiro, akitembea bustanini, aliona kwamba macho yake yakienda huku na huko, mawazo yanayomsumbua hupoa. Mwaka 1989 alichapisha utafiti wa watu 22. Katika tiba hiyo, iitwayo EMDR kwa kifupi cha Kiingereza, mgonjwa hulishika tukio akilini huku macho yakifuata vidole viwili vya mtabibu. Wanaoitetea husema kumbukumbu na macho hugombea nafasi ileile finyu ya akili, hivyo picha hupungua makali. Wanaobisha husema kinachoponya ni kulikabili tukio, si macho. Hata hivyo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2013.

Nilipokuja kufundishwa tiba hii, sikushangazwa na vidole. Nilishangazwa kwamba mgonjwa kwanza hufunzwa kujituliza, huweza kusimamisha tiba anapotaka, na halazimiki kusimulia kila kitu. Baba mdogo, aliyekuwa akiondoka barazani vita vikitajwa, angeiweza.

Je, nani atatoa tiba hii kwetu? Nusu ya jibu iko ng'ambo ya Mto Kagera, kambi ya Nakivale, Uganda. Huko watafiti waliwafunza wakimbizi wasio wataalamu kuwatibu wenzao kwa njia nyingine, ya kusimulia maisha. Matokeo ya Wanyarwanda na Wasomali 277, yaliyochapishwa mwaka 2008, yalionyesha waliotibiwa wakipata nafuu kuliko wasiotibiwa. EMDR ina hatua nyingi zaidi, kwa hiyo inadai msimamizi wa karibu. Lakini mganga wa zahanati aliyefunzwa vizuri, mwenye wa kumwuliza kwa simu, angewaondolea watu wa Murongo, kule mpakani, safari ya kumfuata daktari wa akili Mwanza.