Upupu, Mnyaa na Amana ya Watoto wa Watu

Bismillahir Rahmanir Rahim



Ndugu zangu wazazi, na nyinyi wanafunzi wetu wapendwa, leo sikuandikii somo la fiqhi wala la sira. Nakusimulieni jambo lililonipata mimi mwenyewe, ili asije mwengine akalirudia. Mwenye kuficha kosa lake kwa kuona haya huwaacha wenzake waanguke katika shimo lile lile.

Mimi ni mtoto wa mjini. Nimezaliwa na kukulia hapa Asiatique, baina ya maduka, maghala na sauti ya adhana. Majani niliyoyajua utotoni ni mchicha wa sokoni, lenga lenga, na mwembe uliokuwa nyuma ya nyumba yetu. Kwa kuwa nimesoma kidogo na watu huniita Maalim, nikajiona kama kwamba najua kila kitu. Hapo ndipo ulipoanza msiba wangu.

Kulikuwa na kiwanja cha waqfu nje ya mji, upande wa uwanda wa Imbo, ambacho tulitaka kukisafisha ili watoto wapate pahala pa kuchezea na, inshaallah, siku moja darasa. Hapa Burundi Jumamosi asubuhi tumezoea kazi za pamoja za usafi, basi nikaona na sisi tufanye yetu. Ilikuwa Julai, katikati ya kiangazi. Nikachukua vijana tisa wa darasa la wakubwa, mapanga manne, majembe matatu na dumu la maji. Glovu hatukuwa nazo. Mashati ya mikono mirefu hatukuyafikiria, maana jua lilikuwa kali.

Tulipofika kwenye kichaka, kijana mmoja akasimama. Huyu mama yake ni mtu wa shamba, na kila likizo huenda kwa bibi yake mlimani. Akasema kwa adabu: "Maalim, naona hapa kuna upupu. Afadhali tusubiri, au tuanzie upande mwengine."

Ndugu zangu, natamani ningesema, "Ahsante mwanangu, nionyeshe." Lakini wenzake walikuwa wanatazama, na mimi nikaona haya kufundishwa na mwanafunzi. Nikacheka, nikasema: "Mwanafunzi hodari haogopi majani. Bismillah, kazi!" Nikaushika mtambaa wa kwanza kwa mkono wangu, nikauvuta kwa nguvu.

Kwa wasioujua: upupu ni mmea unaotambaa na kupanda juu ya miti mingine, na majani yake hutoka matatu matatu kama ya maharage. Maganda yake yamejikunja kidogo, yamefunikwa na malaika ya rangi ya kahawia, laini kuyatazama kama mahameli. Wakati wa kiangazi maganda hukauka, na ukiyagusa, au upepo ukivuma tu, malaika yale hupeperuka na kujichoma katika ngozi. Upepo wa ziwani ulivuma asubuhi ile.

Haukupita muda tukawa hatuna hali. Shingo, mikono, kifua, kila mahali panawasha kama moto. Watoto wakawa wanajikuna na kulia. Nami kwa ujinga wangu nikaongeza la pili: nikawaambia wavue mashati na wajisugue nayo kwa nguvu, kisha tujimwagie maji. Mashati yenyewe yamejaa malaika! Kila tulivyosugua ndivyo yalivyozidi kuzama. Kisha nikaongeza la tatu, na hili ndilo linaloniuma mpaka leo. Nikawaambia: "Subirini. Muumini hulalamika? Vumilieni, mtapata thawabu."

Wakanyamaza. Ni watoto wenye adabu, walimtii mwalimu wao.

Mama mmoja mtu mzima alikuwa anapita na jembe begani kutoka shambani kwake. Alipotuona akapiga kelele tuache kujikuna. Akachota udongo, akautia maji kidogo ukawa tope zito, akawapaka watoto mikononi na shingoni bila kusugua, akawaambia wakae kivulini mpaka ukauke. Ulipokauka akaubandua taratibu, ukatoka pamoja na malaika. Mwasho ukapungua. Mimi mwenye kitabu nilikuwa nimesimama pembeni sina la kusema, na yeye asiyejua jina langu ndiye aliyekuwa mwalimu.

Ni yeye pia aliyemwona kijana mmoja amekaa peke yake chini ya ua, kajiziba jicho kwa kiganja. Alikuwa nimempa kazi ya kukata mnyaa uliozunguka kiwanja. Mnyaa mnaujua, ule mti wa ua wenye vijiti vya kijani kama penseli, wengine huuita mtupa. Ukiukata hutoa utomvu mweupe kama maziwa. Utomvu ulimrukia mikononi, na yeye katika kujikuna upupu akajipangusa jicho. Jicho lilikuwa jekundu, limevimba, machozi yanamchuruzika. Nikamwuliza, "Mbona hukusema?" Akajibu, "Maalim ulisema tuvumilie."

Wallahi, neno hilo lilinikata maini.

Tulimwagia jicho lile maji yote yaliyobaki kwenye dumu, kisha nikampakia pikipiki hadi kituo cha afya. Wakaliosha tena kwa muda mrefu, wakampa dawa na kulifunga. Muuguzi akanieleza kwamba maziwa ya mnyaa huweza kuunguza kioo cha jicho, na asiyetibiwa mapema huweza kuharibikiwa na uoni. Siku tatu sikulala vizuri. Siku ya nne kitambaa kilipofunguliwa na kijana akasoma herufi ukutani, nilisujudu sijda ya shukrani pale pale. Alhamdulillah.

Jioni ya siku ile ile ya ajali nilikwenda kwa mama yake. Nilitegemea atanigombeza. Akanikaribisha, akanipa kiti na maji, kisha akasema kwa upole: "Ustadhi, ajali ni qadari ya Mwenyezi Mungu, siwezi kukulaumu kwa hilo. Lakini mwanangu mimi hunieleza kila kitu. Kwa nini kwako aliogopa kusema?"

Sikuwa na jibu. Nilitazama chini, nikaomba msamaha.

Jumatatu nilifungua darasa na kuwasomesha hadithi ambayo nilikuwa nimeshaisomesha mara nyingi. Ni ile aliyoipokea Jabir (R.A.) na kuipokea Abu Dawud, ya mtu aliyejeruhiwa kichwani safarini, kisha akapatwa na janaba. Akawauliza wenzake kama anaweza kutayamamu, wakamwambia hana ruhusa maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Mtume (S.A.W.) alipopata habari alikasirika sana, akawalaumu kwa kutouliza, na akabainisha kwamba tiba ya kutojua ni kuuliza. Nilipofika hapo nikasimama. Nikawaambia wanafunzi wangu: "Mtu huyu wa hadithi ni nyinyi, na waliomjibu bila elimu ni mimi. Nisameheni." Darasa likawa kimya. Kisha nikamwita mbele yule kijana wa upupu, nikamwomba atueleze anachokijua. Akatueleza nusu saa nzima, nami nikaandika.

Ndugu zangu, subira ni katika imani, hilo halina shaka. Lakini subira haimkatazi mtu kusema panapouma. Katika Bukhari na Muslim imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) aliwaruhusu masahaba wawili, Abdurrahman bin Awf na Zubayr bin al-Awwam (R.A.), wavae hariri kwa sababu ya mwasho uliowapata, na hali hariri ni haramu kwa wanaume. Hakuwaambia wavumilie tu. Mwasho wa ngozi, jambo tunaloliona dogo, lilizingatiwa mpaka likawekewa ruhusa. Vipi basi mimi nikawanyima watoto hata ruhusa ya kulalamika?

Haya ndiyo niliyojifunza kwa kijana yule, kwa yule mama na kwa watu wa afya, nakuwekeeni kwa manufaa:

1. Mkizingirwa na upupu, msijikune wala msisugue. Ondokeni mahali pale kwanza, upande ambao upepo unatoka. Toeni malaika kwa tope lililokauka au kwa selotepu: bandika, bandua, tupa. Baadaye ndipo muoge kwa sabuni na maji ya baridi. Nguo zivuliwe kwa uangalifu na zifuliwe peke yake.

2. Msitegemee vidonge vya mzio peke yake. Wataalamu waligundua tangu 1955 kwamba ndani ya malaika ya upupu mna kimeng'enya, wakakiita mukunaini, na hicho huamsha mwasho kwa njia isiyokuwa ile ya mzio wa kawaida. Ndiyo maana kuyatoa malaika yenyewe ndiyo dawa ya kwanza.

3. Msiuchome moto upupu mkavu, maana malaika yatapanda na moshi hadi machoni na kifuani.

4. Utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni, osheni papo hapo kwa maji safi yanayotiririka, si chini ya robo saa, kisha nendeni hospitali hata kama maumivu yamepungua. Anayeukata avae miwani na glovu, na asimame mbali na watoto.

5. Akina mama, hata embe lina lake. Utomvu wa kikonyo na ganda huwatoa baadhi ya watoto vipele mdomoni, kwani mwembe ni wa ukoo mmoja na ile mimea ya vipele inayowasumbua ndugu zetu walioko Marekani. Oshieni embe na limenyeni kabla ya kumpa mtoto.

6. Mwenye vidonda au vipele akihofia kwamba maji yatamzidishia madhara, dini imempa tayamamu. Aulize mwenye elimu ya dini, na amwulize pia mganga. Asijitese.

7. Anayevimba uso, anayeshindwa kupumua, au aliyejaa malengelenge, asingojee kesho. Hospitali.

Wala tusiuchukie upupu. Ni kiumbe cha Mwenyezi Mungu na kina hikma yake. Mbegu zake zina kitu ambacho hutumika kutibu ugonjwa wa kutetemeka uitwao Parkinson, na iko aina yake isiyowasha ambayo wakulima huipanda kurutubisha ardhi. Kosa halikuwa la mmea.

Kiwanja tulikirudia mwezi wa Novemba, mvua zilipokwisha kuanza na maganda ya zamani yamekwisha kupukutika na kuoza. Mitambaa ilikuwa michanga, haina ganda hata moja. Tulivaa mikono mirefu na glovu tulizochangiwa na wazazi. Aliyetuongoza alikuwa yule kijana. Akisema "hapa, sawa," tunakata. Akisema "hapa, bado," tunasimama, na mimi wa kwanza. Yule mwenye jicho alikuja pia. Mama yake alimruhusu, akamtuma na ujumbe kwangu: "Mwambie Maalim, nimemrudishia amana yake."

Siku hizi, kabla ya kazi yoyote na watoto, baada ya Bismillah huuliza maswali mawili: nani anajua kitu ambacho mimi sikijui, na nani ana maumivu. Kisha hunyamaza nikasikiliza.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie elimu yenye manufaa, atuhifadhie watoto wetu, na atupe moyo wa kuuliza tusichokijua. Aamin.

Wabillahi tawfiq.
Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.