Kigari kilichowapenyeza watu Ukuta wa Berlin

Msomaji, ukibahatika kufika Berlin, Ujerumani, fuata barabara ya Friedrichstrasse hadi pale palipokuwa na kizuizi cha Checkpoint Charlie. Hapo pana makumbusho ya Ukuta wa Berlin, yaliyojaa vifaa walivyotumia watu kutorokea. Wewe ulizia kigari kiitwacho Isetta.

Tafadhali usicheke. Ni kama yai lililotiwa magurudumu. Urefu wake haufiki mita 2.5, na mlango ni mmoja tu, tena uko mbele, pale ambapo gari la kawaida huwa na boneti. Ukiuvuta, usukani nao unakuja! Wazo lilitoka Italia, kwa kampuni ya Iso iliyokuwa ikitengeneza friji, na mnamo 1955 BMW ikaanza kukiunda kwa injini ya pikipiki. Wajerumani wengi baada ya vita hawakuwa na pesa za gari kubwa. Hadi 1962, BMW ilikuwa imeunda zaidi ya 160,000.

Sasa hebu niambie, nani angeshuku kwamba mtu mzima amefichwa humo?

Fundi mmoja, Klaus-Günter Jacobi, aliliona hilo. Yeye alikuwa ametoka Mashariki kabla ukuta haujajengwa mnamo 1961. Rafiki yake wa utotoni, Manfred Koster, alibaki huko, na sasa alitakiwa kujiunga na jeshi. Jacobi akakivua kigari chake hita na chujio la hewa. Tangi la petroli la lita 13 nalo akaling'oa, mahali pake akatia kidumu cha lita 2. Petroli hiyo, nionavyo, ilitosha kuvuka mpaka, si kupotea njia. Pakapatikana upenyo nyuma ya kiti, ubavuni mwa injini.

Mnamo Mei 1964 Koster akajikunja humo. Watu wengine ndio walioendesha. Jiweke mahali pake: goti kidevuni, injini inanguruma sikioni, nje askari anapekua karatasi, nawe huwezi hata kukohoa.

Alivuka salama. Baada yake wakavuka wengine, jumla yao watu tisa.

Ukifika kwenye Isetta hiyo, zunguka uchungulie nyuma ya kiti. Kabla hujaonyeshwa, jaribu kukisia mabega yalipita wapi.