Katana: Wanafunzi wametawanyika, kitabu cha pointi kimebaki

KATANA, territwari ya Kabare. Mtu anayepita asubuhi kwenye barabara ya taifa namba 2, kutoka Kavumu kuelekea Kalehe, anakuta wanafunzi wengi kando ya njia, lakini hawezi kujua nani anasoma wapi. Wote wamevaa shati nyeupe na suruali ao sketi ya buluu, sawa na watoto wa Kinshasa na wa Lubumbashi. Inchi zingine kila shule inachagua rangi yake. Kongo nzima ina rangi moja. Kinachotofautisha shule na shule ni kitambaa kidogo kinachoshonwa kwenye mfuko wa shati, na mambo ambayo mpita njia hayaone: wimbo wa shule, namna ya kupiga bani, majina ya wale waliotangulia.

Upande wa Katana hakukosekana mambo ya kujivunia. Kuna seminari ndogo ya Mugeri. Kuna hospitali ambayo wazee wangali wanaiita Fomulac, jina lililoletwa na madaktari wa chuo kikuu cha Louvain, Ubelgiji. Na Lwiro si mbali, pale kituo cha utafiti kilipoanzishwa mwaka wa 1947. Mtoto wa mkulima wa hapa alikuwa anaona kwa macho yake kwamba elimu ni kazi ya watu, si maneno ya ubaoni tu.

Lakini wazazi wakitaka kutoa mfano, wengi wanataja Alfajiri ya Bukavu. Wajezwiti waliifungua mwaka wa 1938 kwa jina la Notre-Dame de la Victoire. Ikaja siasa ya Mobutu ya kurudilia majina ya asili, na koleji ikapata jina la Kiswahili. Mwisho wa mwaka wa 1974 serikali ikachukua shule za makanisa, na mwaka wa 1977 ikayarudishia usimamizi kwa mapatano. Ndiyo sababu mpaka leo watu wanasema shule za konvansione. Hata wimbo wa taifa ulibadilika: La Zaïroise mwaka wa 1971, kisha Debout Congolais ikarudi mwaka wa 1997. Mwalimu mzee wa leo ameimba zote mbili chini ya mlingoti wa bendera. Jina, bwana na wimbo vimebadilika, na bado mtu mwenye mvi anasema kwa kujisifu kwamba yeye ni wa Alfajiri.

Siku kubwa ya shule ni proklamasio, mwanzoni mwa Julai. Prefe anasimama mbele ya wazazi na karatasi mkononi. Anaanza na wa kwanza: jina, kisha asilimia. Wenzake wanampigia bani, yale makofi ya mpangilio ambayo hata mtoto wa kwanza primeri anayajua. Mama anatoka kwenye viti na kitenge, anapiga vigelegele, anamfuta mtoto jasho hata kama hana jasho. Yule ambaye hakusomwa anaelewa mwenyewe, na njia ya kurudi nyumbani inakuwa ndefu. Huo ukali ungeweza kupunguzwa. Kuna walimu wanaomwita mtoto pembeni mbele ya siku hiyo, na wanafanya vizuri.

Halafu kuna Egzeta, mtihani wa serikali unaofanywa inchi nzima tangu mwaka wa 1967. Matokeo yakitoka, finalisti aliyefaulu anamwagiwa unga ao talki kichwani mpaka nyusi zinakuwa nyeupe, pikipiki zinapiga honi, mtaa mzima unajua. (Unga, wakati watu wanautafuta kwa taabu! Mama ananuna kidogo, kisha anacheka.) Swali la kwanza la majirani ni asilimia ngapi. Swali la pili ni shule gani. Hapo ndipo jina la shule linaingia katika midomo ya watu, na wadogo wanaanza kutamani kuvaa kile kitambaa.

Mwaka wa 2025 mambo hayo yote yalikatika. Tarehe 14 Februari M23 walichukua uwanja wa ndege wa Kavumu, na siku mbili nyuma yake walikuwa ndani ya Bukavu. Katana iko njiani kati ya Kalehe na Kavumu. Kuna waliovuka ziwa kwa pirogi kwenda Idjwi, kuna walioshukia Bukavu, kuna waliofika Burundi kwa kuvuka Ruzizi. Mwezi huo huo UNICEF ilisema shule zaidi ya 2,500 zimefungwa katika Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini, na watoto 795,000 hawasomi.

Mtoto anayepokelewa katika shule ya wengine anapewa nafasi kwenye benchi la nyuma na jina jipya: mhami. Jana alikuwa wa tatu darasani, ao ndiye aliyejibu maulizo ya Génies en herbe kwa niaba ya shule yake. Pale alipofika hakuna anayejua. Kisha anaambiwa afumue kitambaa cha mfukoni ashone cha shule mpya. Kanuni ni kanuni, na prefe anayepokea watoto wengi bila madawati ana haki ya kutaka utaratibu. Lakini kitambaa kile hakimzuii mtoto kusoma. Aachiwe hadi mwisho wa mwaka. Pengine ndicho kitu pekee kilichotoka nyumbani kikiwa kizima.

Shule inaweza kuishi bila kuta zake. Kambi ya Nyarugusu, upande wa Kigoma, Tanzania, ilifunguliwa mwaka wa 1996, na wengi walioingia walitoka Kivu ya Kusini. Watoto waliozaliwa pale wamesomeshwa programu ya Kongo, kwa Kifaransa, katikati ya inchi inayosomesha kwa Kiswahili na Kiingereza.

Kizuizi kikubwa zaidi ni karatasi. Tangu mwaka wa 2019 shule ya msingi ya serikali ni bure, lakini sekondari mzazi analipa, na mtoto mwenye deni mara nyingi hapewi biluteni. Wakati wa amani mzazi anauza mbuzi, analipa, anaichukua. Mzazi aliyetoroka usiku hana mbuzi tena, na bila biluteni mtoto anaweza kurudishwa nyuma mwaka mzima ao kukosa kuandikishwa kwenye Egzeta. Shule inayoimba wimbo wake kwa sauti huku ikifungia biluteni za watoto waliokimbia risasi inajivunia nini?

Jibu liko katika palmare, kile kitabu kikubwa kinachoandikwa pointi za kila mwanafunzi, mwaka kwa mwaka. Hakina wimbo wala bani. Ila palmare ikiwa salama, biluteni inaweza kuandikwa upya. Mzazi aliye mbali atume jamaa aliyebaki Katana na mambo haya: majina kamili ya mtoto kama yalivyoandikwa shuleni, darasa na sehemu aliyosoma, mwaka wa masomo, na jina la prefe wa wakati ule. Prefe anayepokea ombi asianze na deni. Aanze na kitabu.

Na kwenye proklamasio, jina la asiyekuwepo lisomwe pia, kwa nafasi yake na asilimia yake. Shangazi ao jirani aitike. Bani ipigwe kama kawaida, na mwenye simu arekodi, amtumie.