Mwanao Ameitwa Maabara ya Msitu? Soma Kwanza

Wiki iliyopita mama mmoja muuza mahindi alinisimamisha gulioni. Mwanawe amemaliza shahada ya misitu, yuko nyumbani, na sasa mhadhiri wake amemwita ajiunge na maabara yao ya ikolojia ya misitu. "Bwana shamba, msitu unaingiaje chumbani?"

Nilicheka, maana nami niliingia huko na ujinga uleule.

Ndugu msomaji, chumba kipo: majani yaliyobanwa kwenye magazeti, oveni ya kukaushia udongo, kompyuta. Lakini kazi yenyewe iko porini. Kabla sijaajiriwa ugani nilikuwa msaidizi wa watafiti kwenye miombo. Kila mti katika eneo lao ulikuwa na kibati chenye namba. Baada ya miaka kadhaa watu hurudi kuupima mti uleule, palepale, mita 1.3 kutoka ardhini. Kama ni mteremko, unapimia upande wa juu.

Siku ya tatu mvua ilinikuta nimebakiza miti 11. Nikajikunyata chini ya mti, nikajaza namba kwa macho. Jioni dada aliyekuwa akiingiza vipimo kwenye kompyuta aliniita. "Kaka, huu mninga wako umepungua sentimita nne. Tangu lini mti ukakonda?"

Sikuwa na jibu. Kesho yake nilirudi porini na mzee wa kijiji aliyekuwa akitutajia majina ya miti. Hakunigombeza. Alisema tu, "Kumbe na ninyi wasomi mna lumbesa yenu, mjukuu wangu." Iliniuma kuliko matusi.

Kwa hiyo nilimwambia yule mama amruhusu kijana. Ila kwanza aulize posho ya porini ni kiasi gani na inalipwa lini, nani atagharamia matibabu akiumwa na nyoka, na kama jina lake litatajwa kwenye ripoti. Majibu yawe kwa maandishi, kwa sababu vijana wengi hujitolea miezi mingi kwa nauli zao wenyewe na kurudi mikono mitupu. Na asione haya kuandika "sikupima". Nafasi tupu kwenye daftari inaonekana na mtu ataenda kuijaza, lakini namba ya kubuni hakuna atakayejua kuitafuta.

Wewe mwenye mitiki shambani, kipimo hichohicho kinakufaa. Zungushia shina futi kamba usawa wa kifua, kisha gawanya kwa 3.14. Mzingo wa sentimita 94 ni kipenyo cha karibu sentimita 30. Pima na uandike kabla mnunuzi hajafika, siyo yeye aje akukadirie kwa macho kama nilivyofanya mimi.

Mama ameshamnunulia kijana buti za mtumba. Ni kubwa kidogo, atavaa soksi mbili.