Njia ya Kuzunguka

Jioni moja, kabla ya kufunga duka lake la kanga katika Mtaa wa Uhuru, dada yangu alinipa barua iliyotoka Marekani akataka niisome, si kwa kuwa yeye hajui kusoma, bali alidhani kwamba mwalimu wa chuo kikuu ataona ndani yake jambo lililoyapita macho yake. Binti yake, aliyemaliza kidato cha sita kwa Fizikia, Kemia na Hisabati, alikuwa amekubaliwa katika chuo kidogo kifundishacho lugha, historia, falsafa na sayansi. Shahada ya uhandisi hakina, na uhandisi ndio aliokuwa akiutamani tangu utoto.

Barua ilieleza mpango. Angesoma hapo miaka mitatu. Kisha, alama zake zikitosha, angehamia shule ya uhandisi ya chuo kikuu kingine kwa miaka miwili, na mwishowe angepata shahada mbili. Mpango huu si mgeni nchini mle. Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kinao pamoja na vyuo vidogo vingi.

"Kaka, huyu anataka kujenga madaraja," dada alisema. "Falsafa ya nini?"

Alikuwa na haki kuuliza. Kwetu njia ni fupi. Kutoka Kariakoo, ukiipita Mnazi Mmoja, hukawii kufika kwenye taasisi ya teknolojia iliyoanzishwa kwa mafunzo ya ufundi mwaka 1957, ambayo leo hutoa shahada za uhandisi. Na Mlimani, ambako kitivo cha uhandisi kilifunguliwa mwaka 1973, shahada hiyo huchukua miaka minne. Lakini kwetu pia milango hufungwa mapema. Achaguaye Historia na Kiswahili katika kidato cha tano ameiaga mitambo, na achaguaye Fizikia ameviaga vitabu vyangu. (Nakiri kwamba mgawanyo huo umeniletea wanafunzi kadha wa kadha ambao hawakunitaka.)

Basi nilimjibu kwa kumkumbusha Soko Kuu lililojengwa katika miaka ya 1970, na paa lake la zege lililofunuka mfano wa miavuli. Beda Amuli aliyelichora alikuwa msanifu majengo, si mhandisi, lakini sidhani kwamba hesabu peke yake ilimjulisha jinsi muuza mchicha anavyokaa, na jinsi umati unavyopita mbele yake. Nilisema mengi ya namna hiyo, na nilijipendeza.

Dada alisikiliza huku akikunja kanga. Kisha akauliza: "Mwaka wa nne atalipa nani?"

Niliisoma barua tena. Msaada wa fedha ulitajwa kwa miaka aliyo katika chuo cha kwanza. Juu ya chuo cha pili hapakuwa na neno. Mimi, ambaye kazi yangu ni kufundisha watu kusoma, nilikuwa nimelipita pengo hilo nikisifu mandhari.

Binti aliandika kuuliza. Alijibiwa kwamba msaada hautamfuata. Akihama itampasa kuomba upya, bila ahadi, au abaki alipo mwaka wa nne achukue shahada ya Fizikia. Alikwenda hata hivyo. Yuko mwaka wa pili sasa, anasoma mekanika na, kwa hiari yake, historia ya miji. Juu ya mwaka wa nne hatujapata jibu, na dada huniuliza kila nipitapo dukani.